Kuwatisha Wafipa Bila Tone la Damu

Kosa langu, na nalikiri mapema kabla wengine hawajalisema, lilikuwa kudhani kwamba Mfipa ataogopa damu.

Mimi mwenyewe ni Mfipa. Nimezaliwa katika nyumba ambayo nguruwe alichinjwa uani na sisi watoto tukagombea kibofu chake tukijaze hewa, tuchezee mpira. Nilipaswa kujua. Lakini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mtu aliyemaliza kidato cha nne miaka ile alikuwa na uwezo mkubwa wa kutojua mambo ya kwao.

Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, Sumbawanga mjini, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo moyoni nilikuwa nimeamua kutoitoka. Wenzangu niliomaliza nao walipenda kwenda. Kwenda Mbeya, kwenda Tabora, kwenda Dar es Salaam kuona bahari. Mimi nilipenda kufika. Na nikishafika jikoni kwa shangazi, kwenye kigoda kilicho karibu na moto, blanketi mabegani, sikuona sababu yoyote ya kuondoka tena. Baridi ya kwetu ilinipa kisingizio miezi minne ya mwaka. Miezi iliyobaki nilikuwa nasingizia mvua, na mvua ikikatika, vumbi.

Hayakuwa majira mazuri kwa watu wa aina yangu. Redio ilisema kazi, mkutano ulisema kazi, na asiye na kazi aliitwa kupe, yule mdudu anayening'inia kwenye kiwele cha ng'ombe. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mpole, ila alikuwa na daftari. Siku moja alipita, akavuta kigoda, akaota moto wetu, kisha akamwuliza shangazi kana kwamba mimi sipo:

"Na huyu binti, anafanya kazi gani?"

Shangazi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia maharage.

"Anapumzika masomo," shangazi akasema.

"Mwaka wa pili huu?"

"Yalikuwa masomo mengi."

Balozi akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini, lakini aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa.

Wiki ileile ikaja barua kutoka kwa kaka yangu aliyekuwa Muze, bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Mpunga wake ulikuwa unakaribia kutoa masuke na alitaka mtu wa kuamia ndege. Kazi yenyewe ni hivi: unakaa juu ya kichanja katikati ya shamba kutwa nzima, jua limekukalia utosini, unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo na kupiga kelele mpaka ndege waende kwa jirani. Jirani naye ana mtu wake juu ya kichanja, kwa hiyo ndege wanarudi kwako. Muze kuna joto. Muze kuna mbu. Kwa mtu aliyepanga kuzeekea kwenye kigoda, Muze ilikuwa mwisho wa dunia, tena mwisho wa kuteremka.

Shangazi akaikunja barua. "Hii ni kazi. Balozi akija nitakuwa na la kumwambia."

Nikaokolewa na tajiri. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kiislamu, mtu mzima, mwenye duka na malori mawili. Kwenye mikutano tulimwita ndugu, kwa sababu matajiri walikuwa wamekwisha. Akiwa kwenye yadi yake, madereva walimwita tajiri na yeye aliitika bila kugeuza shingo. Kando ya yadi alikuwa na ghala la chumvi na saruji. Sijui nani alimtia wazo kichwani, lakini alirudi kutoka Mbeya na mashine ya kuonyeshea picha, akaliondoa gunia la mwisho la saruji, akapanga mabenchi, akatundika shuka nyeupe ukutani, na ghala likawa ukumbi wa sinema. Jenereta aliiweka nje, ikanguruma kama mtu mwenye kisirani.

Huko Mbeya aliona picha zinazojaza watu ni za kutisha. Akataka za kutisha. Hapo panachekesha kidogo, kwa sababu maofisa waliokuwa wakihamishiwa kwetu kutoka pwani walikuwa wanafika wameshatishika tayari. Walikuwa wamesikia habari zetu, za uchawi wa kutuma radi na mambo mengine, na wengine walishuka kwenye basi wanatusalimia kwa adabu mpaka tunaona haya. Sisi tuliokuwa tunaogopwa nchi nzima ndio tulikuwa tunangoja kuogopeshwa kutoka Mbeya, ndani ya kopo la bati la filamu.

Wakala wa Mbeya alikuwa anatuma orodha ya picha kwa Kiingereza, kila moja na mistari mitatu ya maelezo. Tajiri alihitaji mtu wa kusoma orodha ile, na siku ya kuonyesha, asimame kando ya shuka awafasirie watu maneno. Akamwuliza shangazi. Shangazi akaninyooshea mwiko.

"Sawa," tajiri akasema. "Ajaribu. Watu wakiogopa, kazi ni yake. Wakinichekea ukumbi, narudisha saruji yangu."

"Na yeye anapanda lori lako la Muze," shangazi akamalizia. "Asipotisha watu, akatishe ndege."

Basi nikakaa na orodha. Nilitafuta damu. Nilipata picha moja ambayo neno hilo limetajwa mara tatu katika mistari mitatu, nikaona hii ndiyo yenyewe, nikaizungushia duara kwa kalamu nyekundu ili na wakala aogope.

Tulionyesha Jumapili saa tisa alasiri, baada ya misa na chakula. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, na watu waliotoa mablanketi wakakaa ndani wanatetemeka kwa baridi, jambo ambalo kwa dakika chache za mwanzo nilidhani ni matunda ya kazi yangu. Kwenye picha palikuwa na mtu mmoja mwenye kisu ndani ya jumba kubwa, anawakimbiza wenzake chumba kwa chumba. Damu ikaanza. Ilikuwa nyekundu kama rangi ya kupakia baiskeli.

Jirani yetu, mama ambaye mume wake alikuwa mchinja nguruwe maarufu, alikuwa amekaa benchi la mbele. Nikamsikia anaguna.

"Butu."

"Nini, mama?" mtu akauliza.

"Kisu. Mwangalie anavyosukuma. Kisu kikali hakisukumwi."

"Kweli, na kichwa hakumshika," akadakia mwingine nyuma.

"Tena damu yote hiyo inamwagika chini, nyumba nzima ile hakuna mwenye bakuli?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kutoka hapo haikuwa picha tena, ilikuwa darasa la uchinjaji. Kila aliyekamatwa kwenye shuka, watu walimpa mwuaji ushauri. Mimi nimesimama kando, nafasiri kwa sauti ya huzuni, "Anasema: nihurumie!", na mzee mmoja anajibu, "Akuhurumie vipi na kisu kile, utateseka mpaka kesho." Tajiri alikuwa amekaa mlangoni, mikono kifuani. Alipoondoka aliniambia jambo moja tu: kwamba hata jina la Mungu yule bwana hakulitaja.

Picha ya pili niliichagua kwa uangalifu zaidi, maana yake nilikosea kwa uangalifu zaidi. Damu haikuwamo. Palikuwa na jitu lenye manyoya, linatoka ziwani. Nikasema, ziwa tunalo, tena tuna mawili, hili litawagusa. Likatoka ziwani. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti safi, "Mama, mbona ana zipu?" Na kweli mgongoni palikuwa na zipu. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka na waliokuwa juu yake, na baada ya picha kwisha watoto wakaimba lirudishwe jitu la zipu. Ilikuwa Jumapili ya furaha sana kwa kila mtu mjini isipokuwa mimi.

Jioni ile tajiri alikuja mpaka kwa shangazi. Hakukaa.

"Jumatatu ya wiki ijayo lori linashuka Muze kubeba mchele wa zamani. Kabla yake kuna Jumapili moja. Nimesema Jumapili moja."

Shangazi akaanza siku ileile kunitafutia kofia ya majani.

Wakala wa Mbeya naye alikuwa ameshachoka. Dereva wa tajiri aliniletea karatasi kutoka kwake: "Dada, damu umeitoa kasoro, jitu umelitoa kasoro. Nieleze basi, unachotaka hasa ni nini?" Nilikaa na swali lile kama mtu aliyepewa mtihani wa somo ambalo hakufundishwa. Sikujua. Nilijua nisichotaka: sikutaka kichanja.

Tukawa tunachambua maharage. Nikamwuliza shangazi, si kwa hekima yoyote, ni kwa kukata tamaa: "Shangazi, wewe uliwahi kuogopa kweli?"

"Nimeolewa mara mbili, mwanangu."

"Nauliza kuogopa. Kuogopa mpaka unakimbia."

Akatupa punje mbovu. Halafu akanieleza kwamba alipokuwa msichana alitumwa na mama yake kupeleka unga wa ulezi kwa rafiki yao, kijijini karibu na Matai. Alifika saa nne asubuhi, jua linawaka. Uani moto umekokwa, chungu kinachemka, kifuniko kinacheza. Kuku wapo. Mlango uko wazi. Akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, akachutama, akapiga makofi taratibu, akasalimu. Kimya. Akasalimu tena. Chungu kinachemka. Akasalimu mara ya tatu, na kupitia ule mlango akaona mguu wa mtu aliyekaa ndani.

"Mguu wa nani?"

"Sikujua. Ulikuwa mguu tu. Umevaa kandambili. Haukuitika."

"Ukafanyaje?"

"Niliutua unga pale pale nikakimbia mpaka nyumbani. Na nilikuwa na nguvu wakati ule, niliuacha nyuma hata upepo."

"Alikuwa amekufa?"

"Afe wapi! Bibi yao, alikuwa amesinzia. Tulicheka sana baadaye. Lakini mimi," akajipiga kifua kwa mkono wenye vumbi la maharage, "nimeona chui, nimeona radi imepiga mti nilioshika jana yake. Hakuna kitu kama mtu unamsalimu, yupo, na haitiki."

Sasa, asiyetoka kwetu labda hataelewa. Kwetu salamu si neno la kupita nalo. Unasimama, unachutama, unapiga makofi, unauliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, na mwenzako anaitika moja baada ya nyingine, hata kama mnaonana kila siku kisimani na hata kama mmegombana. Mtu anaweza kukunyima chumvi. Hakunyimi kuitika. Asiyeitika ni mmoja wa watu wawili: amekufa, au hayupo upande wako wa mambo.

Niliacha maharage. Nikamwandikia wakala nyuma ya karatasi yake mwenyewe: "Nitafutie picha ambayo mtu anabisha hodi, mwenyeji yupo, na haitiki. Isiwe na kitu kingine."

Dereva alirudi Ijumaa na kopo lililobonyea, limeshika kutu, na barua fupi: "Dada, hii hapa haijakodiwa na mtu tangu nianze kazi. Wanaoiona wanalalamika haina kitu. Ichukue."

Jumapili ikafika. Shangazi, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga ukumbi ule, alivaa kitenge kizuri akasema anakuja kuniona kwa mara ya mwisho kabla sijashuka bondeni. Alikaa benchi la pili, mkoba mapajani. Kofia ya majani alikuwa ameileta.

Picha ilikuwa nyeupe na nyeusi. Kijana anatembea kwenye barabara mchana kweupe, amechoka, ana mzigo. Anaona nyumba. Watu wakaanza kupiga soga, mmoja akauliza kama jitu la zipu linakuja saa ngapi. Yule kijana akafika mlangoni, akavua kofia, akagonga.

"Anasema: hodi," nikafasiri.

Mlango ulikuwa wazi. Akaingia. Ndani palikuwa na chumba kikubwa, na katikati kiti, na kwenye kiti mwanamke aliyetugeuzia mgongo, anachana nywele zake ndefu. Taratibu. Juu mpaka chini, juu mpaka chini.

"Anasema: habari za hapa, mama?"

Mwanamke anachana.

"Anasema tena: habari za hapa?"

Soga zikakatika, benchi kwa benchi, kuanzia mbele.

"Labda kiziwi," mtu akasema, lakini hakusema kwa kujiamini.

Kijana akapiga hatua. Akasema jambo la tatu. Nikafasiri, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Mwanamke anachana.

"Mkalimani, kasema nini huyo mama?"

"Hajasema kitu."

"Mwambie aitike!"

"Itika, mama!" jirani yetu akapaza sauti kutoka benchi la mbele. "Si mgeni wako huyo?"

Kijana akazunguka ili amwone uso. Na alivyozunguka, sijui walifanyaje, ule mgongo ukawa bado uko kwetu. Akazunguka tena. Bado mgongo. Hakuna damu. Hakuna kisu. Chanuo tu, juu mpaka chini, na jenereta inanguruma nje. Mahali fulani nyuma mwanamume mzima aliomba ashikwe mkono.

Hapo ndipo shangazi alipofanya alilofanya. Nadhani hakukusudia, ni miaka ya kulelewa vizuri. Alitoka kwenye benchi, akachutama kwenye sakafu ya saruji, akapiga makofi matatu taratibu kuelekea kwenye shuka, akasalimu kwa Kifipa, salamu kamili, ile ya kumpa mkubwa.

Na mwanamke kwenye shuka akaacha kuchana.

Mkono ukabaki juu. Kichwa kikainama kidogo upande wetu, kama mtu aliyesikia.

Wanasema mkalimani ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Sibishi. Nakumbuka mlango wa pembeni na nakumbuka kwamba sikuufungua, niliupita. Nyuma yangu ukumbi mzima ulikuja kama maji, mabenchi yanalia, blanketi moja limeng'olewa dirishani na mtu aliyetokea humo humo. Tukajikuta yadini, saa kumi alasiri, jua zuri, mbuzi wa tajiri wanatutazama. Watu wasiojuana walikuwa wameshikana. Kisha mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikapita kwetu sote mpaka tukakaa chini. Mwanamume aliyekuwa ameomba kushikwa mkono alikuwa bado ameshikwa, na aliyemshika alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Shangazi alitoka wa mwisho, anatembea, mkoba kwapani.

"Ameitika?" wakamwuliza.

"Aitike nani? Nilikuwa natafuta kiatu changu," akasema, na viatu vyote viwili vilikuwa miguuni.

Tajiri hatukumwona. Tulimtafuta mpaka fundi wa jenereta akasikia kioo kinagongwa. Alikuwa ndani ya lori, lile la Muze, milango yote miwili ameifunga kwa ndani. Akashusha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Wewe binti."

"Naam, tajiri." Mbele ya balozi, tena.

"Mwisho wake ukoje?"

"Sijui. Nimekimbia."

"Basi rudini ndani mkaangalie mje mniambie. Na Jumapili ijayo unaniletea nini?"

Tukarudi. Fundi akairudisha picha nyuma kidogo, na tulirudi wote, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea, wengine wanaangalia kwa jicho moja. Mwisho wake hauna kitu, wakala alisema kweli: kijana anachukua mzigo wake, anaaga, anatoka, na anapogeuka kuangalia, kiti ni kitupu na chanuo liko sakafuni. Niliwafasiria neno moja la mwisho, kwaheri, na watu hamsini wakaitika "kwaheri" kwa adabu kubwa ili pasiwe na lawama.

Wiki ile Sumbawanga ilikuwa mji wa kusikiliza. Hodi ilikuwa haijafika "di" mwenyeji ameshasema karibu. Vijana waliokuwa wanapita bila kusalimu wakawa wanasalimu mpaka mbuzi. Mzee mmoja jirani, kiziwi kweli, aliwekewa mjukuu mlangoni wa kuitika badala yake. Balozi alipita na daftari lake, akaniuliza nikiwa kwenye kigoda changu kazi yangu naiandikaje, tukakubaliana aandike "mtishaji", kisha akafuta akaandika "mfasiri", kwa sababu la kwanza lingeleta maswali wilayani.

Lori lenyewe lilishuka Muze Jumatatu, kesho yake ya onyesho. Mimi nilikuwa jikoni, nimejifunika blanketi, nasoma orodha mpya. Kaka yangu alipelekewa kofia ya majani, debe la kupiga, na barua ya pole niliyoiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Nilikuwa bado nimejaa furaha wakati jirani yetu, yule wa benchi la mbele, alipobisha hodi. Niliitika kabla hajamaliza. Akaingia, akasalimu vizuri, nikaitika vizuri, tukamaliza habari zote mpaka za kuku. Nikamweleza kwamba siendi tena, kazi nimepata, nitakuwa hapa hapa nyumbani miaka yote. Alinitazama, akatazama mlango wa chumba changu, akapandisha kitenge kiunoni, akasema:

"Ndiyo nimesikia, na hakuna aliyefikiria kuniuliza: chumba hicho shangazi yako alishaniahidi niweke mahindi ukishuka Muze, magunia yangu kumi na mawili yako nje hapo yanaliwa na mbuzi, kwa hiyo wewe mtu wa kukaa, kaa, lakini sogeza kitanda."